Nimelamba kwa Niaba Yenu

— Hadithi!
— Ije!
— Ije kwa nani?
— Ije kwetu wote!
— Wa jamvini mpo?
— Tupo!
— Wa mlangoni mpo?
— Tupo!
— Yupo aliyebaki kwake akamtuma mwenzake amsikilizie?
— Hayupo!
— Basi na itue.

Bismillahi. Kabla haijatua niseme la kwangu, maana anayesimulia aibu za wenzake huku akizificha zake ni mnafiki. Mwaka juzi kijijini kwetu uliitishwa mkutano mkuu, ule wa watu wote. Mimi nilikuwa napepeta mchele. Nikamwambia jirani yangu Mwanakheri, "Ukifika niandikie na jina langu. Watakachokubali wao, na mimi nimekubali." Jina likaandikwa. Nilichokubali, nikaja kukijua baadaye, ni kwamba ule uwanja tuliouweka wa zahanati apewe mtu mmoja azungushie ukuta. Astaghfirullahi. Nimekubali bila kufungua kinywa. Tangu siku hiyo nina hasira, na nusu ya hasira hiyo ni ya nafsi yangu mwenyewe. Nusu ya pili nimewaletea nyinyi.

Haya.

Palikuwa na bonde. Katikati ya bonde palikuwa na jiwe la chumvi, kubwa kama nyumba, limeliwa mbavuni na ndimi za miaka mingi. Kila mnyama alilamba hapo. Mama anayenyonyesha alilamba, maziwa yakaja, mtoto akasimama. Mama asiyelamba, mtoto wake alilegea miguu, akalala, hakuamka. Lishikeni hilo.

Chini ya jiwe palikuwa na tope la mfinyanzi. Likilowa, laini kama uji. Likikauka, tofali. Na hapo topeni ndipo wanyama wa bonde lile walipotungia sheria zao.

Walitungaje? Masika yakianza walikuja wote, kila mmoja kwa miguu yake. Mwenye neno aliingia topeni, akazamisha mguu, akasema. Mguu ukiwa topeni, hakuna wa kumkatiza. Mguu ukiinuka, neno limekwisha, hata kama alibakiza la maana. Kisha waliokubali walipita wakakanyaga, pwachaa, pwachaa, pwachaa. Waliokataa walibaki majanini. Nyayo zikiwa nyingi kuliko waliobaki majanini, jua likakausha, ikawa sheria. Ilisimama mpaka masika mengine, mvua ikaifuta, wakaanza upya.

Sitawadanganya, ilikuwa kazi ya kuchosha. Ngedere alizamisha mguu asubuhi akautoa adhuhuri, na neno lenyewe lilikuwa kwamba Ngiri kamkonyeza mkewe. Digidigi, yule swala mdogo asiyefika hata gotini kwa mtu, kila mwaka alikanyagwa na wakubwa akarudi kwake anachechemea. Na Kobe! Sheria ilisema watungaji ni wote, na Kobe ni mmoja wa wote, basi wote walimngoja Kobe. Siku moja. Siku mbili. Siku ya tatu anaonekana kwa mbali, kwata... kwata... kwata..., na akifika anauliza, "Jamani, tulikuwa tunasemaje?"

Mwaka mmoja, siku ya tatu ya kumngoja Kobe, maji ya mto yakafanya bwaaa! Akatoka Kiboko. Tumbo kama pipa, kinywa kama mlango wa ghala. Akawatazama kwa huruma. Huruma ya mtu aliyeshiba, mnaijua.

"Ndugu zangu," akasema. "Mbona mnateseka hivi? Watoto mmewaacha na nani? Digidigi, dada yangu, mguu huo umepona?"

"Bado, kaka."

"Unaona? Mimi roho inaniuma. Tazameni mguu wangu." Akauinua. "Mpana, si mpana?"

"Mpana!"

"Unyayo wangu mmoja unafunika nyayo zenu zote. Sasa kwa nini tujae hapa kama siafu? Nyinyi kaeni nyumbani. Mkiwa na neno, mniletee mtoni. Mimi nitakuja hapa, nitakanyaga kwa niaba yenu. Mguu wangu utakuwa mguu wenu."

Wanyama wakatazamana. Halikuwa neno baya. Nasema kweli, halikuwa neno baya. Hata mimi ningelikubali, na nimeshawaambia kwamba nililikubali.

Katika kundi lile alikuwamo Pimbi. Pimbi ni mnyama wa majabalini, mdogo, mnene, ukimtazama utadhani sungura aliyekatwa masikio. Ana akili za kufungua mlango bila ufunguo, lakini ana ugonjwa mmoja: anapenda kuota jua. Siku zile tatu za kungoja alikuwa anaufikiria mwamba wake tu, ulivyo na joto. Basi Pimbi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia topeni. Akakanyaga, pwacha, kijiguu chake. Nyuma yake Digidigi. Nyuma yake Ngiri, Paa, Ngedere, wote. Kisha Kiboko akaja akaweka mguu wake juu ya nyayo zao zote.

Pwachaaa!

Akauinua. Wakachungulia. Palikuwa na unyayo mmoja tu.

"Mmeona?" akasema Kiboko. "Wote mmo humo ndani."

Wakapiga vigelegele, wakaenda zao. Kobe akafika jioni, akauliza, "Jamani, tulikuwa tunasemaje?" Hakukuwa na wa kumjibu.

Mpo?
— Tupo!

Sheria ya kwanza ya Kiboko ilikuwa nzuri. Huwa hivyo. Alisema wadogo wasikanyagwe jiweni. Wadogo wakafurahi.

Sheria ya pili ilisema kwamba aliyetunga sheria ya kwanza amechoka, basi alambe chumvi kwa ajili ya uchovu.

Sheria ya tatu ilisema kwamba yeye ni miguu ya wote, na mwenye miguu ya wote ana ndimi za wote, basi kila akitunga sheria alambe mara moja kwa kila mnyama wa bonde. Na Ngiri, mwenye pembe za mdomoni, awe askari wa jiwe.

Na kwa kuwa kulamba kulitokana na kutunga, Kiboko akatunga kila siku. Masika yakapita, tope likawa linakauka, basi ikatungwa sheria kwamba kila alfajiri wanyama wabebe maji vinywani kutoka mtoni walilegeze. Wakabeba. Kiboko akaja, akakanyaga pwachaa, akaenda jiweni, laa, laa, laa. Akarudi, akakanyaga pwachaa, akaenda jiweni, laa, laa, laa. Kila akitoka jiweni alipangusa kinywa akawatangazia:

"Nimelamba kwa niaba yenu!"

Na wao wakajibu, maana hilo nalo lilitungiwa sheria:

"Tumeshiba, mheshimiwa!"

Jamani. Tumeshiba! Kinywa kikavu, mate hayamezeki, mtu anasema nimeshiba!

Mtoto wa Paa akalegea miguu Jumatatu. Alhamisi wakamzika. Kiboko akaja matangani na maua ya mtoni kichwani, akalia machozi manene kuliko ya mama. Akasema, "Msiba huu ni wetu sote." Halafu akatunga sheria ya rambirambi, akaenda kulamba. Laa, laa, laa.

"Nimelamba kwa niaba ya marehemu!"

Wiki ile ile, mtoto wa Digidigi akaanza kujikwaa. Jina lake Tunu, alikuwa bado ananyonya. Alisimama, akatetemeka, akaketi. Mama yake akambeba kwa mdomo mpaka jiweni. Ngiri akamsimamia njiani.

"Simama hapo, mama."

"Ngiri, mwanangu. Nakusihi. Ulimi mmoja tu. Mimi nisilambe, alambe mtoto."

"Mheshimiwa keshamlambia asubuhi."

"Ngiri! Mimi nilikuwepo ulipozaliwa!"

"Najua, mama." Ngiri akatazama chini. Pembeni mwa midomo yake palikuwa na weupe wa chumvi. "Amri ni amri. Nenda kaandike malalamiko topeni."

"Topeni kwa mguu gani? Sheria inasema asemaye topeni sharti mguu wake ujae unyayo wa Kiboko!"

"Sasa mama, ukubwa wa mguu wako nimeuumba mimi?"

Digidigi akageuka. Akapanda majabalini na mtoto wake kinywani, jiwe kwa jiwe, mpaka kwa Pimbi. Pimbi alikuwa amelala chali juu ya mwamba, anaota jua.

Digidigi akamlaza Tunu mbele yake. Akasema, "Ota jua."

"Dada..."

"Ota! Si ndiyo uliyotaka? Nani alikuwa wa kwanza kukanyaga siku ile? Nilimwona nani mbele yangu? Nilijisema, Pimbi ana akili, akikanyaga Pimbi na mimi nakanyaga. Nilifuata mgongo wako, Pimbi. Haya, ota jua lako. Likikutosha, uje unisaidie kuzika."

Alitaka kusema kwamba hakujua. Alitaka kusema kwamba na wengine walikanyaga. Akamtazama Tunu, akayaacha yote mawili.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa wa kwanza, na nilifanya kwa uvivu. Ataishi siku ngapi huyu?"

"Mbili. Mungu akipenda, tatu."

"Mimi nataka moja."

Akashuka mpaka mtoni. Kiboko alikuwa majini, pua tu nje, anavuta pumzi, fruuu.

"Shikamoo, mheshimiwa!"

"Marahaba. Nani huyo? Kama ni maombi, leo nimechoka."

"Ndicho nilichojia, mheshimiwa. Uchovu wako. Sisi wananchi unatuumiza." Pimbi akajipangusa macho makavu. "Sheria moja, safari moja ya kwenda jiweni. Sheria nyingine, safari nyingine. Mtu mzito, mtu wa watu, anatembezwa kama mbuzi wa mnada!"

Pua ikapanda, macho yakafuata. "Enhe. Hata mimi nimeliona hilo."

"Kwa nini usitunge sheria moja tu, mheshimiwa? Sheria Mama. Ndani yake vifungu. Na kwa kila kifungu Ngiri avunje bonge la chumvi akuletee pale pale topeni. Wewe usimame tu, unasema, unatafuna."

Kiboko akameza mate, glup. "Vifungu vingapi?"

"Ukomo nani ataweka? Mguu ukiwa topeni, hakuna wa kukukatiza. Ndiyo desturi ya wazee. Ila mheshimiwa usiinue mguu. Mguu ukiinuka, neno limekwisha, na chumvi nayo imekwisha."

"Nautoaje! Mimi nitaweka yote minne!"

"Allahu Akbar," akasema Pimbi. "Hilo mimi sikulifikiria."

Kulipopambazuka wanyama wakabeba maji, tope likalegea vizuri. Pimbi akapita kwa kila mmoja akamnong'oneza, "Ukishamwaga hayo, basi. Leo usirudi tena mtoni mpaka nikwambie." Wakajipanga majanini. Jua likachomoza, na lilikuwa jua la kiangazi, lile lisilo na mzaha.

Kiboko akaja. Akaingia mguu wa kwanza, pwachaa. Wa pili, pwachaa. Wa tatu, pwachaa. Wa nne, pwachaaa! Akazama mpaka magotini. Akajikohoza.

"Kifungu cha kwanza!" akaita Pimbi.

"Majani yote ya kijani ni yangu!"

Ngiri akaleta bonge. Karaa, karaa, glup.

"Kifungu cha pili!"

"Majani ya manjano yangoje yawe ya kijani, kisha ni yangu!"

Karaa, karaa, glup.

"Kifungu cha tatu!"

"Kivuli kikiangukia mtoni, kivuli na mti wake ni wangu!"

Karaa, karaa, glup.

Wakaendelea hivyo. Cha kumi. Cha ishirini. Jua likapanda kichwani. Cha thelathini kilisema kwamba anayepiga miayo mbele ya Kiboko atoe sababu. Cha arobaini kilisema kwamba Kobe akichelewa, amekubali. Tope likaanza kubadilika rangi. Kwanza jekundu, halafu la waridi, halafu likapata nyufa ndogo pembeni kama kisigino cha mkulima. Kiboko hakutazama chini. Mwenye kutafuna hatazami chini.

Digidigi alikuwa majanini, amemwinamia Tunu kumpa kivuli. Kila bonge lililopita aliligeukia kwa macho. Paa, aliyefiwa, alisimama karibu naye.

"Kifungu cha sitini!" akaita Pimbi.

Kiboko akafungua kinywa, sauti ikatoka ya kukwaruza. "Nina kiu. Nipeni maji kwanza."

"Maji yapo mtoni, mheshimiwa. Ukiinua mguu unayafikia. Ila kifungu cha mwisho ndicho chenye bonge kubwa kuliko yote. Ngiri, mwonyeshe!"

Ngiri akalionyesha. Lilikuwa kubwa kama kichwa cha nyati. Kiboko akalitazama lile bonge, akautazama mto, akalitazama tena lile bonge.

"Kifungu gani cha mwisho?"

"Cha kuilinda kazi yako. Sheria hii ikikauka, isivunjwe na mnyama yeyote."

"Isivunjwe na mnyama yeyote!" akanguruma Kiboko. "Mkubwa wala mdogo! Na atakayeivunja, asiguse maji mwezi mzima! Lete!"

Karaa! Karaa! Karaa! Glup!

"Nimelamba," akasema, ulimi umevimba kinywani, "nimelamba kwa niaba yenu!"

Hakuna aliyejibu kwamba kashiba.

Kiboko akaona ajabu. Akataka kuwaendea. Akavuta mguu wa kwanza. Mh! Akavuta wa pili. Mh! Akavuta yote minne pamoja, mmmh! Tope halikusema pwachaa. Halikusema kitu. Lilikuwa tofali mpaka magotini.

"Nimenasa," akasema.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ngiri! Njoo uvunje tope hili!"

Ngiri akapiga hatua moja. Pimbi akamwita taratibu, "Ngiri, baba. Limekauka hilo. Ni sheria. Isivunjwe na mnyama yeyote, na atakayeivunja asiguse maji mwezi mzima. Wewe si ndiye askari wake?"

Ngiri akaurudisha mguu. "Amri ni amri," akasema, na safari hii aliisema kwa furaha kidogo.

Jua likamchoma Kiboko mgongoni. Mnajua ngozi ya Kiboko, haina manyoya, haiwezi jua. Jasho jekundu likaanza kumtoka. Tumboni mna mabonge sitini ya chumvi.

"Maji!" akalia. "Ndugu zangu! Maji!"

Hapo Digidigi akasimama. Akatoka majanini kwa vijiguu vyake vyembamba kama vijiti vya ufagio, akaja mpaka mbele ya kile kinywa.

"Una kiu, mheshimiwa?"

"Nakufa, dada yangu!"

"Pole. Ngoja."

Akaenda mtoni. Wote wakamfuata. Paa, Ngedere, Ngiri, hata vifaranga vya kanga. Wakainamisha shingo, wakanywa, na Kiboko anawaona. Wakanywa polepole. Wakarudi wakijipangusa vinywa, Digidigi mbele.

"Tumekunywa kwa niaba yako," akasema. "Umeshiba?"

Kiboko akautazama mto.

"Nimekuuliza! Umeshiba? Sema umeshiba! Mwanangu alisema ameshiba! Mtoto wa Paa tulimzika ameshiba! Sema!"

"Sijashiba," akasema Kiboko, sauti ndogo kama ya chura. "Sijashiba, dada."

"Basi na mimi sikushiba."

Akamgeuzia mgongo. Akamwinua Tunu, akapita naye mbele ya Ngiri, na Ngiri akajitenga njia bila kuambiwa. Akamweka mtoto jiweni. Ulimi mdogo ukatoka, mweupe, mkavu. Laa. Ukapumzika. Laa, laa. Mama akalamba ubavu wa pili wa jiwe, analia na kulamba. Haikuwa siku ile ile, nisiwadanganye, lakini kesho yake Tunu alisimama, na keshokutwa alianguka kwa sababu alijaribu kukimbia.

Kiboko je? Akasema, "Narudisha miguu yenu. Kila mmoja achukue wake. Nitoeni."

Wakasema hilo ni neno, na neno lina mahali pake. Lakini tope lilikuwa limekauka na mwenyewe yumo ndani, basi wakakubaliana kwamba anayetaka atolewe asimame upande wa mto, anayetaka aachwe asimame upande wa jiwe. Paa alikwenda upande wa jiwe bila kugeuka nyuma. Wengi wakamfuata. Wengi wakaenda upande wa mto. Wakahesabu. Wakahesabu tena. Sawa kwa sawa.

"Amebaki nani?" akauliza Pimbi.

Wakatazama njiani. Kwa mbali, kwata... kwata... kwata...

Wakangoja. Hakuna aliyenung'unika siku ile. Kiboko ndiye aliyemtazama Kobe kila hatua, na nadhani hakuna aliyewahi kuujua urefu wa ile njia kama yeye. Kobe akafika, akauliza, "Jamani, tulikuwa tunasemaje?" Akaelezwa tangu mwanzo. Akafikiri. Akasema, "Tukimwacha afie topeni, masika yajayo tutatungia wapi? Patanuka." Akaenda upande wa mto.

Basi, kwa kuwa kulegeza si kuvunja, wakabeba maji vinywani. Paa hakubeba, wala hakulazimishwa. Tope likalegea, Kiboko akachomoka, akakimbia akajitupa mtoni, bwaaa! Na mpaka leo mchana kutwa yumo majini. Kiu ile haijamtoka.

Hadithi ingeishia hapo ningelala vizuri. Haikuishia hapo.

Masika yakarudi. Mvua ikafuta mabaki ya vile vifungu sitini, tope likawa uji. Wanyama wakaja, kila mmoja kwa miguu yake. Ngedere akazamisha mguu kuhusu mkewe. Mtu akamkanyaga mtu. Wakamngoja Kobe siku moja. Siku ya pili Ngiri akapiga miayo akasema, "Jamani, Pimbi yupo, ana akili, alituokoa. Kwa nini asitukanyagie yeye?"

"Kweli!" wakasema wote. "Pimbi! Pimbi atukanyagie!"

Na Digidigi? Digidigi, Tunu ubavuni, mnono, pembe zinachungulia! Naye akasema, "Hata mimi nimechoka. Pimbi ni mtu mwema."

Pimbi akautazama mguu wake. Kijiguu kidogo. Na hapa alikiri mwenyewe baadaye: aliuona unakua. Aliuona mpana, aliuona unafunika nyayo zote, na kinywa kikamjaa mate. Akashtuka. Akaruka, akakimbilia majabalini, akajitia kwenye ufa wa mwamba na kuanza kupiga kelele: "Kanyageni wenyewe! Kanyageni wenyeweee!" Na ndiko anakoishi mpaka leo, na kelele zile hajaziacha.

Wanyama wakamsikiliza. Wakatazama tope. Wakatazama njiani, Kobe bado. Wakaanza kuulizana kwa sauti ya chini kama hakuna mwingine, mtu mzima, mwenye mguu wa kutosha.

Kule mtoni maji yakatulia. Yakatoka masikio mawili. Yakajikung'uta, frrr, frrr. Yakasimama yakasikiliza.

Hadithi nimeitua.

Walionialika wameniambia nisiondoke bila funzo, na funzo lenyewe lisimuudhi kiongozi yeyote aliyeketi hapa. Haya, ninalo. Funzo ni hili: sheria ni kazi ya wenye miguu mikubwa. Wewe mwenye mguu mdogo kaa kwako, pepeta mchele, mwambie jirani akuandikie jina. Wakubwa wana huruma sana. Watakulambia.

Mola anisamehe kwa uongo huo wa mwisho, na kwa ule mchele.

— Hadithi?
— Imetua!
— Ikiwa tamu?
— Tugawane!
— Na ikiwa chungu?
— Tuilambe wenyewe!